Yule Asiyetazama Kamera

Jumatano, saa tisa alasiri. Kisaju. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, jua kali, na mimi nimekasirika.

Nimekasirika mpaka leo nimempa mteja dawa ya kupe na alikuwa ameitisha dawa ya minyoo. Bahati yangu ni kwamba yeye anasoma chupa kabla ya kuondoka. Niko na duka la dawa za mifugo hapa kando ya barabara ya Namanga miaka kumi na mbili sasa, na kosa kama hilo sijawahi kulifanya. Nimeomba msamaha, nikabadilisha chupa, nikakaa chini. Halafu nikaona afadhali niandike, kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitamrukia mtu asiye na hatia.

Jana nilimpeleka Baba Kajiado kuona picha yake.

Wacha nianze vizuri. Baba yangu anaitwa Josephat Mutisya. Wasomaji wa blogu hii wanamjua kama yule mzee wa Kitengela anayekunywa chai kwa saa, chai ikichelewa dakika mbili anauliza kama kuna msiba. Sijawahi kuandika kazi aliyoifanya ujanani, kwa sababu nikisema watu hucheka. Baba alikuwa kwa kazi ya roketi. Ndiyo, roketi, hapa kwetu Kenya, kule pwani, miaka ya sabini, zile roketi za utafiti zilizokuwa zinarushwa kutoka baharini. Alitoka Machakos na cheti chake cha hesabu, akaajiriwa kupima upepo.

Watu wanafikiri roketi inawashwa tu, inaenda. Hapana. Roketi ndogo ikitoka chini bado haijashika kasi, na upepo unaweza kuisukuma ikaangukia pahali pasipofaa. Kwa hivyo kabla ya kurusha, wanaachilia puto. Mtu mmoja anaweka jicho kwenye darubini ya miguu mitatu iliyo na vipimo vya pembe, analifuata lile puto likipanda. Mtu wa pili anakaa kando yake na saa, penseli na karatasi. Kila dakika ikitimia, mwenye saa anaita, "Soma!" Mwenye darubini anasoma pembe, mwenye saa anaandika. Dakika inayofuata, "Soma!" tena. Hivyo hivyo mpaka puto lipotee. Hizo namba ndizo zinaonyesha upepo wa juu ukoje, na mtambo wa kurushia unalazwa kidogo upande huu au ule kufuata hesabu hiyo.

Baba alikuwa jicho. Miaka kumi na moja.

Sasa macho yenyewe hayapo tena. Presha ya macho ilianza kidogo kidogo, tukachelewa kwenda hospitali, na mwaka juzi taa ikazima kabisa. Anaona tofauti ya mchana na giza, basi. Ukimuuliza anasema ameyatumia yote, hakuna lililobaki. Anasema akicheka, lakini mimi huwa sicheki.

Wiki iliyopita alisikia kwa redio kwamba kuna maonyesho ya picha yanayozunguka miji, ya waanzilishi wa mambo ya anga hapa nchini, na wiki hii yako Kajiado. Halafu rafiki yangu wa kanisani anayefundisha huko akanitumia picha moja kwa simu. "Huyu si baba yako?" Nikaangalia. Wanaume wanane wamesimama kwenye mchanga, nyuma yao kibanda cha mabati na bendera. Saba wanatazama kamera na kutabasamu. Wa nane amegeuka, mgongo umeinama, jicho liko kwenye darubini. Ule mgongo ningeujua hata kwa giza. Ni mgongo ulionibeba.

Nilipomwambia, Baba aliinuka kitini. Halafu akaniuliza tai yake ya kahawia iko wapi.

Basi jana tukashuka na pikapu yangu ya kubebea chakula cha ng'ombe, yeye amekaa mbele na shati jeupe na tai, kofia juu ya magoti. Njia yote alikuwa anataja tulipofika kabla sijamwambia. Hapa Kisaju, hapa Isinya, hapa bado hawajaziba lile shimo. Alikuwa na furaha ya mtoto anayepelekwa kununuliwa viatu. Nimekumbuka hiyo furaha leo mara mia, na kila nikiikumbuka nashikwa na hasira upya.

Picha iko ukutani, kubwa, imewekewa kioo. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili. Nilimsimamisha Baba mbele yake, akanyoosha mkono, akagusa kioo kwa vidole viwili.

"Soma," akasema.

Alisema ile Soma ya kazini. Mimi naijua vizuri. Nilipokuwa mtoto, Kitengela ikiwa bado ni nyasi na pundamilia wanakuja mpaka uani, Baba alifunga kipande cha bomba kwenye kipimapembe cha shule tukawa tunafuatilia mwewe. Wakati mwingine mimi nilishika saa na kuita, wakati mwingine nilikuwa jicho na yeye anaita. Siku moja mwewe aliingia kwenye mawingu, nikaona aibu kusema nimempoteza, nikabuni namba. Baba aliweka penseli chini. Akaniambia ukimpoteza sema umempoteza, tutaandika amepotea, hiyo nayo ni kisomo. Lakini usinipe namba ya uongo, kwa sababu namba ya uongo inaweza kuua mtu. Nilikuwa na miaka minane. Alikuwa mkali kweli siku hiyo, mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kwa hivyo jana aliposema Soma, nikasoma. Kulikuwa na majina saba. Daktari fulani, mhandisi fulani, mkuu wa kitengo fulani, kila mmoja na cheo chake na mahali alipotoka. Halafu, mwisho kabisa: "pamoja na msaidizi mwenyeji."

Msaidizi mwenyeji.

Hata jina hakuna. Hata "wa" tu hakuna, msaidizi wa nani, wa kusaidia nini? Watu saba wameacha kazi wakapanga mstari wapigwe picha, mmoja amebaki anafanya kazi, na huyo anayefanya kazi ndiye msaidizi! Jamani! Kama hawakumjua, si wangeandika hatumjui? Hiyo ningeielewa. Jina limepotea, andika limepotea. Lakini mtu alikaa kwenye kiti, akaona mtu mweusi amegeuka mgongo, akajipa mwenyewe jibu. Akabuni kisomo.

Na mimi? Ngoja nikiri hapa kabla sijaendelea kutukana watu.

Mimi pia nilibuni. Niliyasoma yale majina saba vizuri, nikafika mwisho, nikasema, "na Josephat Mutisya, mpimaji wa upepo." Baba akaitikia kwa kichwa polepole. Vidole vyake bado vilikuwa kwenye kioo. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akashukuru, akaomba akae, magoti yamechoka. Nikampeleka kwenye benchi, nikamnunulia soda, nikaenda kumtafuta mwenye maonyesho.

Nilimkuta ni mama wa makamo, ameninginiza miwani kifuani, mpole, mwenye adabu. Sitataja jina lake wala la taasisi yake. Nilimweleza kila kitu nikiwa bado na adabu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini hizo picha tuliletewa na maelezo yake. Sisi tulitafsiri tu."

"Sawa. Sasa mmejua. Si mbadilishe?"

"Uko na kitu cha kuthibitisha? Barua ya kazi, kitambulisho cha kazini, chochote?"

Nikamwambia ukweli. Sanduku la karatasi za Baba liliingiwa na mchwa tulipokuwa tunajenga, na tulipolifungua ilibaki vumbi na vibanio. Akasikitika, kwa kweli alisikitika, nilimwona. Halafu akanieleza kwamba Ijumaa maonyesho yanafungwa, na siku hiyo hiyo picha zote na maelezo yake vinapelekwa kwa mchapishaji. Vitakuwa kitabu cha shule za msingi. Kwamba niandike malalamiko, wataangalia kwa toleo lingine.

Toleo lingine! Baba yuko na miaka sabini na nane.

"Na kusema ukweli," akaongeza, akinigusa mkono kama anayenifariji, "msaidizi si neno baya, mama. Sote tunasaidiana."

Hapo ndipo adabu yangu iliisha. Sitaandika nilichosema. Nitasema tu kwamba kulikuwa na wanafunzi kwenye chumba na mwalimu wao aliwaondoa. Najuta kidogo, lakini ni kidogo tu. Kama neno si baya, lingeandikwa kwa wale saba pia. Tungekuwa na wasaidizi wanane kwenye mchanga na puto juu yao, na mimi ningenyamaza.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilifikiri Baba amesinzia. Tulipofika Isinya akasema, bila kugeuza kichwa, "Sasa nisomee la kweli."

Nikajifanya sijaelewa. Akaniita kwa jina langu. Mimi nimeitwa jina la mama yake, na kwa hivyo tangu nizaliwe Baba huniita mwaitu, yaani mama. Akisema Mwikali, jua kuna mambo.

"Mwikali. Ulisoma mara mbili. Ya kwanza ukasema mpimaji wa upepo. Ya pili ukasema mtaalamu wa upepo. Maandishi yako ukutani, hayatembei. Yametokaje tofauti?"

Jamani. Karibu niingize gari kwenye mtaro. Mtu haoni, ana umri ule, ametoka kupanda ngazi na kushuka, na bado anakushika kwa kisomo cha pili.

Nikamwambia. Pamoja na msaidizi mwenyeji. Nilitaja maneno hayo manne nikiwa nimekaza macho kwenye lori lililokuwa mbele yangu. Tukapita Kisaju, tukapita hapa dukani kwangu, na Baba hakutaja tulipofika. Tulipoanza kuona magorofa ya Kitengela ndipo akasema, "Hao hawanijui. Wewe nilikufundisha mwenyewe."

Aliingia ndani, akavua tai, akalala bila chakula.

Nimeandika mpaka hapa nikaingiliwa na mteja. Mama Nashipae, ametoka upande wa Bisil na mbuzi wawili wanaokohoa. "Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai, nikajibu "Ipa," lakini nadhani sauti ilinisaliti, kwa sababu alikaa kwenye gunia la chumvi akaniuliza leo uko na nini. Nikamwonyesha picha kwa simu. Nikamweleza yote.

Aliitazama sana. Mama Nashipae alikuwa hajawahi kusikia habari ya puto wala ya roketi. Akauliza, "Huyu ndiye baba yako, huyu hatazami?" Nikasema ndiye. Akauliza lile puto liko wapi. Nikamwambia liko juu, halionekani, kamera haikulichukua. Akauliza, na akiondoa jicho kwenye darubini? Nikamwambia akiondoa jicho, puto linapotea, hulipati tena, na kazi yote inaanza upya.

"Ee," akasema. "Basi alikuwa anachunga. Mtu anayechunga hawezi kutazama kamera. Ng'ombe wataenda."

Akalipa dawa ya mbuzi, akaenda zake. Yaani huyu mama ameelewa ile picha kwa muda wa kunywa maji, bila barua ya kazi. Na wale wenye miwani vifuani?

Lakini bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni la leo asubuhi, na ni zito kwangu kuliko la jana.

Nilimpelekea Baba chai saa moja kamili, sikuthubutu kuchelewa. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti chake, uso ameuelekeza upepo unakotoka, kama kawaida. Nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema yeye ndiye aliye na kitu cha kusema, nikae.

Kwanza akaniuliza kama picha iko kwa simu. Nikasema iko.

"Bendera inaenda upande gani?"

"Kushoto."

"Inapaswa kuwa kushoto. Ulikuwa msimu wa upepo wa kaskazi na mpiga picha alisimama chini ya mnazi. Kuna mfupi mmoja ameshika kofia yake?"

Nikaangalia. Wa tatu kutoka kulia, mfupi, mkono kichwani. Nilikuwa nimefikiri anapiga saluti kwa mzaha. Huyu mtu hajawahi kuiona hiyo picha maishani mwake. Siku ilipopigwa alikuwa ameipa kamera mgongo, na ilipofika Kajiado alikuwa hana macho. Nikaanza kucheka kwa furaha, nikasema Baba, huu ndio ushahidi wenyewe, huyu mama wa maonyesho tumempata leo! Yeye hakucheka.

"Sasa angalia ukingoni, upande wa kushoto, chini. Kuna mkono?"

Nikasema hakuna mkono.

"Usiniambie haraka. Kuza."

Nikakuza picha. Na huo hapo, jamani. Pembeni kabisa, pale fremu inapokata, kuna kipande cha mkono mweusi kuanzia kwenye kiwiko, ubao wa kuandikia umewekwa juu ya goti, penseli iko tayari, na saa imefungwa kwa ndani ya kifundo cha mkono ili mtu aisome bila kugeuza mkono. Nilikuwa nimeitazama hiyo picha wiki nzima. Nilimtukana mama wa watu kwa sababu ya hiyo picha. Na mkono sikuuona.

"Huyo ni Karisa," akasema Baba.

Karisa alikuwa mwandishi wake. Yule wa kuita Soma. Emanuel Karisa, mtu wa huko huko pwani, aliyesoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa kama wa kitabu. Mimi jina hilo nimelisikia labda mara mbili maishani, tena kwa salamu za Krismasi. Na hapo ndipo Baba akaanza kunisimulia tena ile hadithi ya siku aliyosimamisha roketi.

Hiyo hadithi naijua. Sisi sote nyumbani tunaijua, imesimuliwa kwa harusi mpaka kwa mahari ya dada yangu. Siku ya kurusha, wageni wakubwa wamekuja na wamekaa wanangoja, mkubwa wa kituo ana haraka. Namba za Baba zinaonyesha kwamba huko juu, dakika ya kumi na moja, upepo umegeuka ghafla. Mkubwa anasema hiyo ni namba ya makosa, ifutwe, hesabu ifungwe. Baba anasema hapana. Wanabishana. Wanaachilia puto lingine, na kweli upepo umegeuka. Roketi inazuiliwa mpaka hali itulie. Na pale ambapo ingeangukia kulikuwa na mitumbwi ya watu wakivua. Baba alisema hapana. Hiyo ndiyo hadithi yetu, ndiyo sababu tulikua tukijiona watoto wa mtu.

Leo asubuhi akaisimulia vingine.

Akasema, "Mimi ndiye niliyesema ifutwe."

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akarudia. Kwamba aliposoma dakika ya kumi na moja, alijishuku mwenyewe. Jasho lilikuwa limeingia jichoni, namba ilitoka ya ajabu, na mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake anapumua. Akamwambia Karisa, futa hiyo, nimesoma vibaya. Na Karisa akakataa. Karisa wa darasa la saba, aliyekuwa anaweza kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo asiulizwe na mtu. Alisema, "Umesoma, nimeandika." Akashikilia karatasi kifuani. Mkubwa alipiga kelele, Karisa akabaki ameishikilia. Ndipo Baba naye akapata moyo, akasema basi, tuachilie puto lingine.

"Nilikuja kupandishwa cheo kwa ajili ya siku hiyo," Baba akasema. "Yeye hawakumuuliza. Na mimi sikusema."

Nikauliza Karisa yuko wapi sasa. Alishakufa, kitambo. Baba alipata habari, akakusudia kwenda kuzika, akaona ni mbali. Hivyo ndivyo alivyosema, akaona ni mbali. Chai yake ilikuwa imepoa na hakuigusa, na Baba hapoozi chai.

Nimekaa hapa dukani na hasira yangu yote ya jana, na sasa sijui niielekeze kwa nani. Kwa yule mama aliyesema msaidizi si neno baya? Bado namkasirikia, msidhani imeisha. Neno hilo ni baya pale lilipowekwa, na kitabu kikitoka hivyo watoto wa Kajiado watakua wakijua kwamba roketi zilirushwa na watu saba na mgongo. Lakini nami nilipotaka kurekebisha, nilirekebisha mgongo tu. Na mwenye mgongo kwa miaka hamsini amekuwa akisimulia kana kwamba mkono haukuwepo.

Karisa alikataa kufuta namba, na sisi sote tukamfuta yeye.

Baba akaniambia nilete kalamu na karatasi ngumu. Nikakata upande mmoja wa katoni ya dawa, ule mweupe. Akanitajia maneno, nami nikaandika kwa herufi kubwa. Nilitaka kuanza na jina lake, akanikatiza. La kwanza la Karisa, akasema, kwa sababu bila anayeita hakuna anayesoma. Mwishoni nikajiongezea sentensi yangu, kwamba wengine wanatazama kamera kwa sababu hawakuwa na kazi wakati huo. Nikamsomea.

"Toa hiyo," akasema. "Hiyo ni hasira yako, si kisomo."

Nikaikata. Iliniuma, ilikuwa sentensi nzuri.

Kesho nafunga duka. Hicho kibandiko cha katoni, cha kuwekwa chini ya picha, nimekitia kwenye bahasha, na Baba ameagiza shati lingine lipigwe pasi. Anasema atasimama kando ya picha tangu milango ifunguliwe, na kila darasa la watoto likiingia atawaambia ni akina nani, na mwenye maonyesho akitaka ushahidi amuulize kuhusu bendera na kofia na mkono. Kama watamtoa, wamtoe mbele ya watoto. Ijumaa pia atarudi, mpaka hilo furushi lao la kwenda kwa mchapishaji lifungwe likiwa na majina mawili, au lifungwe mbele ya uso wake bila majina. Nimemuuliza magoti je. Akasema kutakuwa na kiti, na kama hakuna kiti, alishawahi kusimama muda mrefu zaidi ya huo.

Sijui kama watakubali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo: sijui.

Kabla sijaondoka nyumbani asubuhi, nikiwa nimeshashika ufunguo wa gari, aliniita tena. Alikuwa amefunga saa yake mkononi, ile ya zamani ambayo hawezi tena kuiona, na nikagundua kwamba ameifunga kwa ndani ya kifundo.

"Soma!"

Nikarudi, nikasimama mbele yake, nikainua ile katoni.

"Mkono ulio ukingoni: Emanuel Karisa, mwandishi wa karatasi ya upepo, aliyeita kila dakika na asiyefuta. Kwenye darubini: Josephat Mutisya, msomaji wa pembe."

"Tena."

Nikasoma tena. Ikatoka vilevile.